Namna ya kulinganisha kamera za ulinzi wa nyumbani kabla hujatoa pesa

Mwizi akishapita, kitu cha kwanza watu wa nyumbani wanachofanya ni kuzunguka simu waone kamera imenasa nini. Mara nyingi kinachoonekana ni mtu tu. Ana kofia, anatembea, amevaa kitu cha kijivu, uso wake ni doa jeupe. Video hiyo ukiipeleka kwa mjumbe au kituo cha polisi, hakuna atakayekuambia huyo ni nani. Na hapo familia imeshalipa kamera nne, DVR (kisanduku kinachorekodi video za kamera), waya na fundi.

Watu wengi hulinganisha kamera kwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi: 2MP, 5MP, 4K. Namba hiyo ina maana yake, lakini peke yake haikuambii kama utamtambua mtu. Swali la kununulia ni hili: usiku, pale geti lako lilipo, uso wa mtu utapata pikseli ngapi (vile vitone vidogo vinavyounda picha; MP moja, yaani megapikseli, ni vitone milioni moja), na zitakuwa safi kiasi gani? Mwongozo huu unafuata swali hilo mpaka mwisho. Unachohitaji ni futi ya kupimia, kalamu, simu yenye kikokotoo, na jioni moja ya kufanyia majaribio.

Hatua ya 1: Ipe kila kamera kazi yake

Zunguka nyumba mchana ukiwa na karatasi. Chora geti, mlango mkubwa, mlango wa jikoni, sehemu ya kuegesha gari, na ule upande wa ukuta unaopakana na kichochoro au kiwanja kitupu. Kwa kila sehemu andika unataka kujua nini: kwamba kuna mtu, au mtu huyo ni yupi kati ya unaowafahamu, au sura ya mtu usiyemjua kabisa.

Kazi hizo tatu hazilingani hata kidogo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, toleo la 2014, kinazipima kwa idadi ya pikseli katika kila mita moja ya upana wa eneo linaloonekana:

– kugundua kwamba kuna mtu: pikseli 25 kwa mita
– kuona umbo, mavazi na anachofanya: karibu 62
– kumtambua mtu unayemfahamu: 125
– kuibainisha sura ya mtu usiyemjua: 250

Uso wa mtu mzima una upana wa kama sentimita 16. Kwa pikseli 250 kwa mita, uso huo unapata pikseli 40 kwa upana. Kwa 125 unapata 20. Kwa 62 unapata 10, na katika pikseli 10 huwezi kupata macho, pua na mdomo vinavyoeleweka. Ndiyo maana video nyingi za wizi zinazosambaa WhatsApp hazimsaidii mtu yeyote, hata kama kamera ilikuwa mpya.

Si kila sehemu inahitaji 250. Ukuta wa nyuma unaweza kutosheka na 25, kwa kuwa pale unataka taarifa tu kwamba mtu ameruka. Nguvu ya pesa ielekeze kwenye geti na mlango mkubwa, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya lenzi kabla ya kusoma megapikseli

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Kamera za nyumbani huuzwa na lenzi za milimita 2.8, 3.6 au 4, na mara nyingine 6. Namba ndogo inaona pana, kubwa inaona pembamba lakini inavuta vitu karibu. Muuzaji atakusifia ile pana kwa sababu "inaona kiwanja chote". Ni kweli inaona chote, ila zile pikseli zake zimetandazwa kwenye kiwanja chote.

Hesabu rahisi, isiyo sahihi kwa asilimia mia lakini inayotosha dukani, ni hii. Pima umbali kutoka pale kamera itakapofungwa hadi pale mtu atakaposimama. Kwa lenzi ya 2.8 zidisha umbali huo kwa 2.4, utapata upana wa eneo litakaloonekana. Kwa lenzi ya 4 zidisha kwa 1.7. Kwa lenzi ya 6, umbali wenyewe ndio upana. Kisha chukua pikseli za upana wa picha (2MP ina 1920, 4MP ina 2560, 8MP au 4K ina 3840) ugawe kwa upana huo.

Tuchukue nyumba ambayo geti lipo mita 8 kutoka barazani.

Kamera ya 4K yenye lenzi ya 2.8: upana ni 8 × 2.4, yaani mita 19.2. Gawanya 3840 kwa 19.2, unapata pikseli 200 kwa mita.

Kamera ya 2MP yenye lenzi ya 6: upana ni mita 8. Gawanya 1920 kwa 8, unapata 240.

Soma tena hizo namba mbili. Ile kamera ya megapikseli mbili, ya bei ya chini, inamwona mtu wa getini vizuri kuliko ile ya 4K. Na ile 2MP ingekuwa na lenzi ya 2.8, kama zilivyo nyingi zinazouzwa kwa seti ya nne nne, ungepata 100 tu: hata jirani yako usingekuwa na uhakika naye.

Kama tayari unayo kamera, au rafiki yako anayo unayotaka kununua, ipime kwa geti lenyewe. Tuseme geti lina upana wa mita 3. Fungua picha uone geti limechukua sehemu gani ya upana wa picha. Likichukua robo, hiyo ni robo ya 1920, yaani 480. Gawanya kwa 3, unapata 160. Dakika mbili, na umejua zaidi ya alichokuambia muuzaji.

Kwa hiyo kwenye orodha yako ya kulinganisha, safu ya kwanza baada ya jina la kamera iwe milimita za lenzi. Ukikuta tangazo lisilotaja lenzi, uliza. Asiyejua, nenda duka la pili.

Hatua ya 3: Hakikisha megapikseli ni za kweli

Kamera nyingi za bei poa zisizo na jina zinazouzwa mtandaoni huandikwa 4K au hata 8K wakati kihisi chake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni cha 2MP. Programu ndani ya kamera inaivuta picha iwe kubwa. Faili litaonyesha 3840 kwa 2160 kama ulivyoahidiwa, lakini hakuna kipya kilichoongezwa ndani yake. Kulikagua faili peke yake hakutoshi. Weka ukurasa wa gazeti mita 3 mbele ya kamera, piga picha, halafu kuza vichwa vidogo vya habari. Kamera ya kweli ya 8MP itasoma maandishi ambayo ya 2MP inayafanya ukungu. Zikitoka sawasawa, umepata jibu.

Kuna mtego mwingine kwenye DVR. Kamera inaweza kuwa 1080p kamili, lakini DVR ya bei nafuu inarekodi kwa mfumo unaoandikwa 1080N au 1080p Lite, ambao una pikseli karibu 960 za upana badala ya 1920. Nusu ya upana imekatwa, halafu wakati wa kuangalia picha inatanuliwa tena. Picha ya moja kwa moja unaiona nzuri, ile iliyorekodiwa ndiyo mbovu. Seti nyingi za kamera nne zilizofungashwa pamoja ziko hivi, kwa hiyo soma ukurasa wa vipimo vya DVR, hasa mstari unaoeleza kiwango cha kurekodi kwa kila chaneli. Dukani, mwombe muuzaji arudishe nyuma video iliyorekodiwa akuonyeshe hiyo, usiridhike na ya muda ule.

Hatua ya 4: Jaribu usiku, na ujaribu mtu akiwa anatembea

Mchana karibu kila kamera inapendeza. Tofauti ya bei inaonekana giza likiingia, na sehemu hii ndiyo ningekuomba uipe muda mwingi kuliko zote.

Anza na vipimo viwili. Cha kwanza ni ukubwa wa kihisi, kinachoandikwa kama 1/3, 1/2.8 au 1/1.8. Namba ya chini ikiwa ndogo, kihisi ni kikubwa: cha 1/1.8 kina eneo zaidi ya mara mbili ya cha 1/2.8, na kinakusanya mwanga zaidi. Cha pili ni uwazi wa lenzi, unaoandikwa F1.0, F1.6, F2.0. Hapa pia namba ndogo ndiyo nzuri, na F1.0 inaingiza mwanga mara nne ya F2.0. Kamera ya 4MP yenye kihisi kikubwa na F1.0 itaishinda usiku kamera ya 8MP yenye kihisi kidogo na F2.0, kwa sababu pikseli nyingi zilizobanwa kwenye kihisi kidogo kila moja inapata mwanga kiduchu, na picha inajaa chenga.

Kisha angalia kamera inaonaje gizani. Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ina taa za infraredi, na picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Taa za nanomita 850 zinaonekana kama nukta nyekundu hafifu na zinafika mbali. Za nanomita 940 hazionekani kwa macho lakini mwanga wake haufiki mbali hivyo. Aina ya pili inabaki na rangi usiku kucha kwa msaada wa taa nyeupe na lenzi yenye uwazi mkubwa. Hikvision wanaiita ColorVu, Dahua wanaiita Full-color. Mimi kwa geti naipendelea ya rangi, hasa mahali ambapo taa ya nje inawaka tayari. Taa nyeupe yenyewe huwafanya wengine wageuze njia, na rangi ya nguo au ya pikipiki ni ushahidi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye infraredi rangi hazina maana. Kanga nyekundu na ya bluu zote zinakuwa kijivu. Shati jeusi la kitambaa cha viwandani mara nyingi linarudisha mwanga wa infraredi na kuonekana jeupe kabisa. Ukitangaza mtaani kwamba mwizi alivaa shati jeupe kwa sababu kamera ya infraredi imesema hivyo, unaweza kumtia matatani kijana asiyehusika. Hili si la mzaha. Watu wamewahi kupigwa mitaani kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Halafu kuna mwendo. Gizani kamera huongeza muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, mara nyingi hadi sehemu 1 ya 25 ya sekunde au zaidi. Mtu anayetembea kawaida anakwenda kama mita 1.5 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya muda huo amesogea sentimita 6, zaidi ya theluthi ya upana wa uso wake. Akikimbia mita 5 kwa sekunde amesogea sentimita 20, na uso mzima umefutika. Ndiyo sababu picha ya usiku ya mtu aliyesimama isikudanganye. Wauzaji wanapenda kuonyesha picha ya ua na gari lililoegeshwa: vitu visivyosogea.

Fanya hivi. Saa mbili usiku, zima taa za nje kama ambavyo huwa mnazizima mkilala. Mwombe mtu wa nyumbani apite kutoka getini hadi mlangoni mara tatu: mara ya kwanza akitembea kawaida, ya pili haraka, ya tatu akikimbia. Mpe kipande cha boksi chenye namba kama ya gari, T 123 ABC au KDA 123A, ulizoziandika kwa kalamu nene. Baadaye simamisha video katikati ya kila safari. Je, uso unaonekana? Namba inasomeka? Ingia kwenye mipangilio uweke muda wa juu kabisa wa kupokea mwanga kuwa 1/50 au 1/100, rudia. Picha itakuwa na giza zaidi lakini makali yatarudi. Kamera nzuri inabaki inaonekana hapo, dhaifu inakuwa nyeusi. Na kamera isiyokuruhusu kabisa kubadili mpangilio huo, ikatie alama kwenye orodha yako.

Kama unataka namba za magari halisi usiku, jua kwamba ni kazi ya kamera ya pekee. Kibati cha namba kinarudisha mwanga wa infraredi moja kwa moja kwenye lenzi na kugeuka karatasi nyeupe, na taa za mbele za gari zinamalizia. Usimwamini anayekuambia kamera moja ya getini itasoma uso na namba zote mbili gizani.

Mambo madogo ya usiku yanayoharibu kamera nzuri: buibui wanapenda kutanda mbele ya taa za infraredi kwa sababu wadudu huzifuata, na uzi mmoja wa utando unang'aa kama kamba nyeupe katikati ya picha. Ukuta mweupe au bati lililo karibu sana na kamera linarudisha mwanga na kuifanya kamera ipunguze mwanga wa picha nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo chagua 50Hz kwenye mipangilio, la sivyo taa za nje zitaleta mistari inayotembea. Na ile "mita 30 za infraredi" kwenye boksi ina maana utaona kitu kikisogea mita 30, hakuna ahadi ya uso hapo.

Hatua ya 5: Jua nyuma ya mtu

Geti linaloangalia mashariki au magharibi litakusumbua asubuhi au jioni: mtu anaingia na jua mgongoni, uso unakuwa kivuli cheusi. Teknolojia inayosaidia inaandikwa WDR, na ya kweli hutajwa kwa desibeli, mara nyingi dB 120. Ukiona DWDR au "WDR ya kidijitali", hiyo ni programu inayong'arisha sehemu zenye giza baada ya picha kupigwa, na msaada wake ni mdogo. Simama mlangoni saa kumi na moja jioni, mlango wazi, kamera ikiwa ndani ikikuangalia. Uso wako ukionekana pamoja na uwanja wa nje, WDR inafanya kazi.

Hatua ya 6: Kurekodi

Ubora unaouona kwenye simu na ule unaobaki kwenye kadi ni vitu viwili. Kinachoamua ni kiasi cha data kwa sekunde. Kamera ya 4MP iliyobanwa hadi megabiti 1 kwa sekunde itakuwa na mabaka kila mtu anaposogea. Ukiiacha megabiti 2 hadi 4 kwa mfumo wa H.265 inatulia. H.265 ilitoka 2013 na hutumia karibu nusu ya nafasi ya H.264 kwa ubora ule ule, kwa hiyo kamera na kinasio (DVR) vyote viwe nayo. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha nyumbani. Usilipie 30.

Megabiti 2 kwa sekunde ni GB 21.6 kwa siku. Kadi ya GB 128 inabeba siku zisizofika sita kwa kamera moja inayorekodi mfululizo. Kamera nne kwenye diski ya TB 1 zinakupa siku 11 na kitu. Ukirekodi mwendo tu siku zinaongezeka sana, lakini kamera dhaifu huchelewa kuanza na kukosa zile sekunde mbili za mwanzo ambazo mtu anatazama juu. Mimi geti nalirekodi mfululizo, sehemu nyingine mwendo.

Kadi nunua ile iliyoandikwa kwamba ni ya kazi ngumu ya kamera. Kadi za kawaida za simu hufa mapema zikiandikwa usiku na mchana, na zinakufa kimya kimya: utagundua siku unayoihitaji video. Kadi feki nazo ni nyingi. Kabla ya kuifunga ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta uone kama kweli ina GB zilizoandikwa. Kwa DVR au NVR (kinasio cha kamera za mtandao), chukua diski iliyotengenezwa kwa kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk.

Hatua ya 7: Gharama ya miaka mitatu

Bei ya kamera ni mwanzo tu. Andika kwa kila kamera: bei, kadi au sehemu yake ya diski, waya na fundi, malipo ya kila mwezi ya kuhifadhi video mtandaoni, umeme, bando. Jumlisha kwa miezi 36.

Namba hizi ni za mfano. Kamera ya kwanza ni shilingi 90,000 lakini bila malipo ya 8,000 kwa mwezi haikupi video za nyuma. Kwa miaka mitatu ni 378,000. Ya pili ni 190,000, kadi yake 60,000, haina malipo ya mwezi: 250,000. Ile iliyoonekana nafuu ndiyo ghali. Kwa hiyo uliza swali hili kabla ya lingine lolote: nisipolipia kila mwezi, kamera inarekodi kwenye kadi na ninaweza kuangalia video zote?

Umeme si mwingi. Kamera ya wati 5 inatumia uniti 3.6 kwa mwezi, nne ni uniti 14.4. Kinachouma ni umeme kukatika, na anayetaka kuiba anaufahamu mtaa wenu unakatika lini. Mini UPS ya volti 12 inayobeba ruta na kamera mbili kwa saa kadhaa ina thamani kuliko kupanda kutoka 4MP kwenda 8MP. Iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Bando nalo: kuangalia picha kamili ya megabiti 2 kwa saa moja ni MB 900. Kamera nzuri ina mkondo wa pili mwepesi, wa nusu megabiti, ambao ni MB 225 kwa saa. Kwa anayetumia kamera ya laini ya simu na sola huko shamba, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kamera itadumu au itabaki pambo. Kwa ya waifai, simama na simu pale kamera itakapokaa uone mtandao unafikaje. Kuta za tofali za saruji zinakula mawimbi, na kamera nyingi zinapokea 2.4GHz tu. Ukiweza kuvuta waya wa PoE, vuta: waya mmoja unabeba umeme na picha, na hauyumbi.

Sasa chukua jumla ya miaka mitatu uigawe kwa idadi ya sehemu ambazo kamera hiyo inakupa angalau pikseli 125 kwa mita usiku, mtu akitembea. Kamera inayozunguka inajisifu inaona pande zote, lakini kwa wakati mmoja inaona upande mmoja, kwa hiyo ihesabu moja. Isiyofikisha hata sehemu moja, iondoe kwenye orodha.

Hatua ya 8: Mtengenezaji na ulinzi wa kamera yenyewe

Madukani Kariakoo au Luthuli Avenue utakutana zaidi na Hikvision na Dahua, wote wa Hangzhou, pamoja na ndugu zao wa waifai, EZVIZ upande wa Hikvision na Imou upande wa Dahua. Kisha Tapo ya TP-Link, Uniview, Reolink. Novemba 2022 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilizuia vifaa vipya vya Hikvision na Dahua kuidhinishwa nchini humo kwa sababu za usalama wa taifa. Huku kwetu zinauzwa kama kawaida, na kwa picha ni nzuri, lakini jambo hilo linakukumbusha kwamba kamera ni kompyuta iliyounganishwa na dunia. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka maelfu ya kamera na DVR kwa kujaribu orodha ya nywila za kiwandani tu, kisha ikazitumia kuangusha huduma za mtandao Marekani na Ulaya. Na majina makubwa hayakuepuka lawama: 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki Ring ya Amazon kwa kuwaacha wafanyakazi wake kuangalia video za wateja ndani ya nyumba zao, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ingia tovuti ya mtengenezaji uone kama modeli hiyo imepata sasisho ndani ya mwaka uliopita. Siku ya kufunga, badili nywila mwenyewe, fundi akiwa ameshaondoka. Kamera ya ndani isielekee vyumba vya kulala wala anapolala dada wa kazi.

Jirani naye ana haki zake. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kamera nyingi zinakuruhusu kufunika kwa mraba mweusi dirisha la jirani linaloingia kwenye picha. Tumia huduma hiyo, umwonyeshe na mwenyewe.

Hatua ya 9: Shindanisha mbili za mwisho getini

Ukibaki na mbili, mwombe muuzaji akupe zote kwa siku moja uache amana. Wengi wanakubali ukinunua mchana wa katikati ya wiki, duka likiwa tulivu. Zifunge kwenye ubao mmoja, urefu wa mita 2.5 hadi 3 kutoka chini. Ukipandisha zaidi ya hapo utapata vichwa na kofia. Zirekodi usiku ule ule, mtu yule yule akipita. Mwoneshe picha mtu ambaye hakuwepo wakati wa jaribio, umuulize huyu ni nani. Wewe unayemjua aliyepita utamwona hata kwenye ukungu, kwa hiyo jicho lako si shahidi mzuri.

Kwa nyumba za pwani, Kigamboni, Nyali au Mtwapa, angalia pia mwili wa kamera. IP66 au IP67 inazuia vumbi na maji, lakini haisemi chochote kuhusu chumvi. Skrubu za chuma cha kawaida zinapata kutu haraka, na kutu inaanzia kwenye kishikio na kwenye kiungo cha waya. Kiungo hicho kiingie ndani ya kiboksi kisichopitisha maji. Kikiachwa kinaning'inia hewani, kamera itaanza kukatika katika mvua za kwanza.

Iliyoshinda ikishafungwa, weka saa yake sawa na saa za Afrika Mashariki, ijisahihishe yenyewe kupitia mtandao. Video yenye saa isiyo sahihi inabishaniwa kirahisi. Kisha jifunze siku hiyo hiyo kuitoa video nje: chagua dakika tano za jana usiku, zihamishe kwenye flashi, zifungue kwenye kompyuta nyingine. Baadhi ya vinasio hutoa faili linalofunguka kwa programu yao peke yake. Ikiwa ni hivyo, hifadhi na programu hiyo kwenye flashi ile ile, ili polisi wakikuomba ushahidi uwape kitu wanachoweza kukitazama. Risiti na boksi vitunze mpaka dhamana iishe.